Je, Wajua? Farasi 400, Glavu Moja na Mbio za Kuokoa Fedha za Walioibiwa

Watu wengi hudhani fidia ya aliyeibiwa huamuliwa siku ya hukumu. Fuatilia kesi kubwa za dunia, utaona kwamba mara nyingi imeshaamuliwa miaka miwili mitatu kabla, siku ambayo mtu fulani alikumbuka, au alisahau, kuizuia mali ya mshtakiwa isiuzwe, isifichwe, wala isiandikwe jina la shemeji. Navipenda visa vya namna hii kwa sababu ndani yake mna kila kitu: meli, farasi, vito, ndege, hata sarafu zisizoshikika mkononi. Haya, tuanze na farasi.

Serikali ya Marekani iliwahi kulea farasi 400 wa mshtakiwa

Dixon ni mji mdogo wa jimbo la Illinois wenye watu wasiofika 16,000, alikokulia Rais Ronald Reagan. Mhasibu mkuu wa mji huo, Rita Crundwell, alilipwa mshahara wa kama dola 80,000 kwa mwaka. Hata hivyo alimiliki farasi wa maonyesho wapatao 400 na basi la kifahari la kusafiria lenye thamani ya dola milioni 2.1. Siri ilikuwa akaunti moja ya benki aliyoifungua Desemba 1990 kwa jina lililosikika kama la mradi wa majitaka wa mji. Kupitia akaunti hiyo, kwa zaidi ya miaka 20, alichota dola milioni 53.7. Wakati huo madiwani walikuwa wakiambiwa mji hauna fedha, na ukarabati wa barabara ukawa unaahirishwa mwaka hadi mwaka.

Aligunduliwaje? Mwaka 2011 Crundwell akiwa likizo, mfanyakazi mwenzake aliiomba benki taarifa za akaunti zote za mji, akaona moja asiyoifahamu. Meya akaenda FBI kimya kimya. Kwa miezi kadhaa Crundwell aliendelea kuingia kazini na kusalimia watu, huku wapelelezi wakifuata nyayo za kila dola. Akakamatwa tarehe 17 Aprili 2012.

Hapo ndipo hadithi inaponoga. Gari likizuiwa unaliegesha na kulifunika turubai. Farasi anataka nyasi, maji, daktari na mtu wa kumkagua kwato. Farasi wa Crundwell walikuwa wametawanyika katika majimbo mbalimbali, baadhi ya majike yakiwa na mimba, na watoto wakazaliwa mikononi mwa serikali. Gharama ilifika kama dola 200,000 kwa mwezi, fedha ambazo mwishowe zingepunguza kile ambacho mji ungelipwa. Mali iliyozuiwa ni kama ng'ombe wa ugomvi aliyefungwa katika zizi la mzee wa kijiji: hachinjwi, hauzwi, lakini lazima alishwe.

Basi mahakama, kwa ridhaa ya Crundwell mwenyewe, ikaruhusu farasi wauzwe kabla kesi haijaisha, na fedha zitunzwe zikisubiri uamuzi. Mnada ukapigwa Septemba 2012. Farasi mmoja aitwaye Good I Will Be aliuzwa dola 775,000. Crundwell alikiri kosa Novemba, miezi miwili baada ya nyundo ya dalali kunyamaza, na Februari 2013 akahukumiwa kifungo cha miaka 19 na miezi 7. Mali zake ziliurudishia mji kama dola milioni 9. Kubwa zaidi ni kwamba wakaguzi wa hesabu ambao hawakuona kitu kwa miaka yote hiyo, pamoja na benki, walikubali mwaka 2013 kulipa dola milioni 40 nje ya mahakama.

Amri maarufu ya kuzuia mali ina jina la meli

Juni 1975, meli iitwayo Mareva ilikuwa safarini, imepakia mbolea kutoka Bordeaux kwenda India. Kampuni iliyoikodi ilikuwa imeshalipwa nauli ya shehena, pauni 174,000, zilizowekwa katika benki moja ya London. Lakini ikaacha kuwalipa wenye meli kodi yao. Pesa zilikuwa palepale benki, na zingeweza kuhamishiwa nchi nyingine siku yoyote. Jaji Lord Denning na wenzake wakafanya jambo ambalo mahakama za Uingereza zilikuwa zimelikwepa kwa miaka zaidi ya 80, na ambalo wao wenyewe walilijaribu kwa mara ya kwanza mwezi uliotangulia: walizizuia fedha hizo kabla ya kesi kusikilizwa, tena upande wa pili ukiwa haupo mahakamani. Haukuwepo kwa makusudi, kwa maana ukimwita mtu kumwambia unataka kumzuilia pesa, umempa siku ya kuzihamisha.

Ilikuwa kesi ya madai, siyo ya jinai, ila wazo lake lilivuka bahari zote. Mpaka leo mawakili wa Dar es Salaam hupeleka Mahakama Kuu maombi ya Mareva wanapotaka zuio hata kabla ya kesi kufunguliwa, kwa mfano wanaposubiri zipite siku 90 za notisi ya kuishtaki serikali. Na Denning mwenyewe si mgeni kabisa pwani yetu: katikati ya miaka ya 1950 alikuwa kwenye jopo la majaji huko London lililoamua mgogoro wa ushuru wa daraja la Nyali, Mombasa.

Hundi za dola milioni 173 zilikutwa mezani, zimeshatiwa saini

Bernard Madoff, aliyeendesha utapeli mkubwa wa uwekezaji kuliko wote waliojulikana mpaka wakati huo, alikamatwa New York tarehe 11 Desemba 2008. Ofisini kwake wapelelezi walikuta hundi karibu 100 zilizojazwa tayari, jumla yake dola milioni 173, za kugawiwa ndugu, marafiki na wafanyakazi. Siku chache mbele zingekuwa zimeshasambaa. Mkesha wa Krismasi, akiwa nje kwa dhamana na mali zake zimezuiwa, vifurushi vya saa na vito vyenye thamani ya zaidi ya dola milioni moja vilitumwa kwa posta kwa jamaa zake. Navyo vilifuatiliwa.

Lakini ajabu kubwa iko kwenye hesabu ya mwisho. Katika utapeli wa aina hii, desturi ni walioibiwa kuambulia senti. Kwa Madoff, msimamizi wa ufilisi Irving Picard aliwafuata wale waliotoka na faida, maana faida yao ilikuwa mtaji wa wenzao, akarudisha zaidi ya dola bilioni 14. Suluhu moja peke yake, na familia ya mwekezaji Jeffry Picower mwaka 2010, ilileta dola bilioni 7.2. Mfuko mwingine wa waathirika uliosimamiwa na Wizara ya Sheria ya Marekani ulifunga malipo yake Desemba 2024 ukiwa umewalipa watu 40,930 katika nchi 127, na kuwafikisha kwenye asilimia 93.71 ya walichopoteza. Koti la Madoff la timu ya besiboli ya Mets nalo lilichangia: lilipigwa mnada kwa dola 14,500.

Dola 10 katika kila 11 hazitarajiwi kulipwa

Madoff ni bahati adimu. Taasisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilihesabu kwamba kufikia mwishoni mwa mwaka wa fedha 2016, wahalifu walikuwa wanadaiwa fidia ya dola bilioni 110 zilizoamriwa na mahakama za shirikisho. Katika hizo, bilioni 100 ziliwekwa kwenye fungu la madeni yasiyolipika, kwa kuwa wadaiwa hawana kitu. Sheria ya mwaka 1996 inamtaka hakimu wa shirikisho aamuru fidia kamili bila kujali uwezo wa mkosaji. Amri inatoka, muhuri unapigwa, aliyeibiwa anapewa karatasi.

California huzuia hata mali iliyopatikana kwa jasho halali

Mwaka uleule wa 1996 jimbo la California lilichukua njia nyingine, sheria ambayo waendesha mashtaka huiita kwa ufupi "zuia na kamata". Mtu akishtakiwa kwa mfululizo wa makosa makubwa ya utapeli au wizi wa kuaminiwa unaozidi dola 100,000, mwendesha mashtaka anaweza siku hiyohiyo ya kufungua mashtaka kuomba mali zake zishikwe: nyumba, akaunti, mashua, gari. Si lazima zionyeshwe kuwa zilinunuliwa kwa fedha ya wizi. Fedha ya wizi huenda ililiwa zamani kwenye hoteli na kamari. Nyumba aliyoirithi kwa mama yake bado ipo, na ndiyo itakayomlipa mjane aliyetapeliwa.

Jaji hapigi muhuri tu. Anapaswa kupima uzito wa hasara ya waliotapeliwa dhidi ya madhara kwa mshtakiwa na kwa watu wengine wenye haki katika mali hiyo, kwa kuwa wakati huo mshtakiwa bado ni mtu asiye na hatia mbele ya sheria. Mizani hiyo naiona ndiyo roho ya jambo zima, na ndiyo inayotupeleka kwenye swali linalofuata.

Nchi mbili na mahakama moja ya kimataifa, majibu matatu: wakili alipwe kwa pesa ipi?

Ukimzuilia mtu kila senti, atamlipa nani amtetee? Marekani swali hili lilifika Mahakama ya Juu. Mwenye kampuni za huduma za afya majumbani huko Florida, Sila Luis, alidaiwa kujipatia kama dola milioni 45 kwa udanganyifu wa bima ya afya ya serikali. Zilizobaki mkononi mwake zilikuwa dola milioni 2, na serikali ilikubali kwamba hizo hazikutokana na kosa. Serikali ikataka zizuiwe ili zije kulipa fidia. Machi 2016 majaji, watano dhidi ya watatu, wakasema hapana: fedha safi anazohitaji mtu kumlipia wakili wake haziguswi.

Uingereza wanakwenda kinyume chake. Sheria yao ya mwaka 2002 inamruhusu mtu aliyezuiliwa mali kutoa fedha za chakula na kodi ya nyumba, lakini si za kumlipa wakili wa kesi ileile. Kwa hilo kuna msaada wa kisheria wa serikali. Nayo Mahakama ya Jinai ya Kimataifa, ICC, iliwahi kumkopesha mshtakiwa. Mshtakiwa huyo ni jirani yetu, na kisa chake kinastahili kichwa chake chenyewe.

Ndege ya Jean-Pierre Bemba iliharibikia uwanjani Ureno

Bemba, makamu wa rais wa zamani wa Kongo, alikamatwa Ubelgiji Mei 2008 kwa tuhuma za uhalifu uliofanywa na wapiganaji wake katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mkataba wa Roma unawaruhusu majaji wa ICC kuomba nchi wanachama zizuie mali mapema kwa manufaa ya waathirika, na katika kesi hii waathirika walioshiriki walizidi 5,000. Akaunti, majumba na vyombo vya usafiri vikashikwa katika nchi kadhaa. Kwa kuwa hakuweza kugusa fedha zake, mahakama ilimtangulizia zaidi ya euro milioni 2 za mawakili, kwa deni la kulipwa baadaye.

Juni 2018, baada ya miaka kumi gerezani, akaachiwa huru kwenye rufaa. Mwaka uliofuata alidai euro milioni 68.8, na sehemu kubwa ya dai hilo haikuwa ya miaka yake kizuizini bali ya mali zilizozuiwa na kuachwa bila matunzo, ikiwemo ndege iliyokaa na kuchakaa katika uwanja wa Faro, Ureno. Majaji walilikataa dai hilo Mei 2020. Lakini iweke kesi hii kando ya farasi wa Dixon uone tofauti: kule kila mnyama alikuwa na mlezi, huku ilikuwa shida kusema ni nani hasa alipaswa kuifungua ndege na kuipaka grisi. Kwa wale waathirika zaidi ya 5,000, kuachiwa kwake kulimaanisha pia kwamba hapakuwa tena na amri ya fidia dhidi yake.

Fidia ya euro milioni 52, mdaiwa hana hata senti

Februari 2024 ICC iliamuru fidia kubwa kuliko zote katika historia yake: zaidi ya euro milioni 52 dhidi ya Dominic Ongwen, kamanda wa zamani wa waasi wa LRA kaskazini mwa Uganda. Waathirika walikadiriwa kuwa karibu 50,000, na kila mmoja alipangiwa euro 750 za alama ya kutambuliwa, mbali na miradi ya pamoja. Ongwen mwenyewe, aliyetekwa na waasi akiwa mtoto, hana mali.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Ituri, mashariki mwa Kongo. Germain Katanga, kiongozi wa zamani wa wanamgambo, aliamriwa mwaka 2017 alipe dola milioni moja kwa watu 297 walioathiriwa na shambulio la Bogoro la Februari 2003, kila mmoja akipewa dola 250 pamoja na msaada wa pamoja wa makazi, elimu na shughuli za kipato. Thomas Lubanga, naye kiongozi wa zamani wa waasi, aliwekewa dola milioni 10. Wote wawili walikutwa hawana kitu, hivyo mzigo ukaangukia Mfuko wa Waathirika wa mahakama hiyo, unaoishi kwa michango ya hiari ya nchi.

Na huko Dakar, mahakama maalumu ya Afrika ilimkuta rais wa zamani wa Chad, Hissène Habré, na hatia mwaka 2016. Mwaka uliofuata ikathibitisha fidia ya zaidi ya faranga bilioni 82 za CFA kwa waathirika 7,396. Mali iliyokuwa imepatikana na kuzuiwa? Nyumba moja ya Dakar na akaunti chache ndogo. Habré alikimbia Chad mwaka 1990. Kati ya kukimbia kwake na kukamatwa kwake mwaka 2013 ilipita karibu miaka 23. Muda huo unatosha kabisa kuuliza pesa zilikwenda wapi.

Uswisi ilihitaji chini ya mwezi mmoja

Sasa linganisha na hili. Rais Ferdinand Marcos aliikimbia Ufilipino tarehe 25 Februari 1986. Tarehe 24 Machi serikali ya Uswisi ikazuia akaunti zake, kabla Ufilipino yenyewe haijajipanga kuomba rasmi. Marcos alifariki 1989 bila kuhukumiwa kwa jinai. Fedha zikabaki zimefungwa, zikizaa riba: kutoka kama dola milioni 356, zikawa zimepita milioni 650 Mahakama ya Juu ya Ufilipino ilipoamua mwaka 2003 kwamba ni mali ya taifa.

Kisha ikaja sheria ya 2013 iliyotenga peso bilioni 10 kati ya fedha hizo kwa ajili ya watu walioteswa, kufungwa na kuuawa chini ya utawala wake. Maombi yalikuwa zaidi ya 75,000; waliotambuliwa ni 11,103. Kila mmoja alipewa alama kuanzia 1 hadi 10 kulingana na mateso yake, na 10 zilikuwa za waliouawa au kupotezwa. Kuyapima maumivu kwa alama ni kazi nzito ambayo nisingemtakia mtu. Lakini hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kugawa.

Glavu ya Michael Jackson iliwahi kuwa mdaiwa mahakamani

Mwaka 2011 Marekani ilifungua kesi ambayo jina lake lilimtaja mdaiwa hivi: glavu moja nyeupe iliyopambwa kwa fuwele, ya ziara ya Bad, pamoja na kumbukumbu nyingine za Michael Jackson. Glavu hiyo ilikuwa mali ya Teodorin Obiang, mtoto wa rais wa Guinea ya Ikweta, na serikali ilidai ilinunuliwa kwa fedha ya rushwa. Katika kesi za aina hii anayeshtakiwa ni kitu, na mwenyewe anaingia kama mtu anayedai kitu chake. Mwaka 2014 wakapatana: auze jumba lake la Malibu, Ferrari na sanamu sita za Michael Jackson zenye kimo cha mtu. Mwaka 2021 zaidi ya dola milioni 19 za mauzo hayo zilielekezwa kununulia watu wa Guinea ya Ikweta chanjo za korona, na zaidi ya milioni 6 zikaenda kwenye dawa na vifaa vya tiba.

Huko Geneva waendesha mashtaka nao walishika magari yake 25. Yalipigwa mnada Septemba 2019, na Lamborghini moja ikaenda kwa zaidi ya dola milioni 8.

Kenya saa huanza kuhesabu Gazeti la Serikali linapotoka

Chini ya sheria ya Kenya ya mapato ya uhalifu ya mwaka 2009, amri ya kuhifadhi mali huisha siku 90 baada ya tangazo lake kuchapishwa katika Gazeti Rasmi. Ndani ya muda huo shirika la kurejesha mali linapaswa kuwa limeomba mali itaifishwe, la sivyo kufuli linafunguka. Sheria ya kupambana na rushwa ya 2003 ina saa yake: miezi 6, inayoweza kuongezwa, na aliyepelekewa amri ana siku 15 za kwenda kuipinga. Ndiyo maana unaona maofisa wanakimbizana na kalenda. Vilevile, mtu akiachiwa huru katika kesi ya jinai, amri ya kutaifisha mali yake haifi papo hapo, maana kesi ya mali hupimwa kwa mizani ya madai.

Katika Kenya hiyohiyo, jijini Nairobi, ziko Spanish Villas, nyumba za kupangisha zilizohusishwa na Félicien Kabuga, mfanyabiashara wa Rwanda aliyetuhumiwa kufadhili mauaji ya kimbari ya 1994. Mahakama Kuu ya Kenya ilizizuia mwaka 2008 akiwa bado mafichoni. Alikamatwa karibu na Paris miaka 12 baadaye, na mwaka 2023 majaji wakasimamisha kesi yake bila kikomo kwa sababu ya uzee na maradhi ya akili. Mahakama ya kimataifa ya kesi za Rwanda iliyokuwa Arusha, iliyoanzisha msako wake, haikupewa kabisa mamlaka ya kuwalipa waathirika fidia.

Waliopanda mbegu DECI

Watanzania wa rika langu wanaikumbuka DECI, mpango wa upatu. Ulikuwa "unapanda mbegu" na kusubiri kuvuna mara mbili au zaidi, na wachungaji walikuwa mstari wa mbele. Serikali iliusimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wanne kwa kuendesha upatu haramu: kifungo cha miaka mitatu au faini ya shilingi milioni 21 kila mmoja.

Katika upatu hakuna shamba. Aliyevuna Jumatatu alilipwa mbegu za aliyepanda Jumapili. Kwa hiyo siku akaunti zinapofungwa ndiyo inayochora mstari kati ya aliyepona na aliyeumia, na kila wiki ya kuchelewa humsogeza mtu mwingine upande wa walioumia. Fedha zilizozuiwa zilibaki benki, na swali la nani alipwe kiasi gani limeulizwa mpaka bungeni. Orodha sahihi ya waliopanda, nani na lini na kiasi gani, ni mali yenye thamani kama fedha zenyewe, na inahitaji kushikwa siku ileile akaunti zinapofungwa.

Kuku waligeuka magari ya wagonjwa, na rada ikawa madawati

Kampuni ya uchapaji ya Uingereza, Smith & Ouzman, ilitiwa hatiani Desemba 2014 kwa kuhonga maofisa wa Kenya ili ipewe kazi za karatasi za kura na mitihani. Kwenye barua pepe zao hongo iliitwa "kuku". Sehemu ya fedha zilizochukuliwa kwa kampuni hiyo ilinunulia Kenya magari ya kubebea wagonjwa.

Tanzania nayo iliuziwa rada ya kijeshi mwaka 1999 kwa bei iliyozua kelele dunia nzima. Katika makubaliano na waendesha mashtaka wa Uingereza, kampuni ya BAE ilikubali mwaka 2010 kulipa, na mwaka 2012 pauni milioni 29.5 zikaja kwa ajili ya vitabu vya kiada na madawati ya shule za msingi. Mwaka 2015 yakaja malipo mengine: Standard Bank ya London ililipa serikali ya Tanzania dola milioni 6 na riba, kwa hongo iliyohusishwa na mkopo wa dola milioni 600. Wa kwanza kushtuka walikuwa wafanyakazi wa benki hapahapa Tanzania, walioona fedha taslimu zinatolewa kwa kasi isiyo ya kawaida.

Bitcoin zilizokamatwa zilipanda bei zikiwa mikononi mwa polisi

Oktoba 2018 polisi wa London walivamia jumba la kupanga la Hampstead, kodi yake pauni 17,000 kwa mwezi. Mpangaji, Zhimin Qian, alikuwa amekimbia China baada ya utapeli uliowakumba watu zaidi ya 128,000 kati ya 2014 na 2017, wengi wao wa umri wa kustaafu. Uchunguzi ule uliwapa polisi vifaa vyenye funguo za bitcoin zaidi ya 61,000. Wakati wa uvamizi bitcoin moja iliuzwa dola elfu sita na ushee. Qian alipokiri kosa Septemba 2025, hazina yote ilikuwa imepita thamani ya pauni bilioni 5. Novemba akahukumiwa miaka 11 na miezi 8.

Hapa hakukuwa na nyasi za kununua wala ndege ya kupaka grisi, na mali imeongezeka mara nyingi kwa kukaa tu. Ongezeko hilo ni la nani? Walioibiwa wanasema ni lao, kwa kuwa bitcoin zilinunuliwa kwa akiba zao. Upo pia mtazamo kwamba mwathirika hurudishiwa alichotoa na ziada huingia hazina ya serikali. Mvutano huo uko mbele ya Mahakama Kuu ya London.